Mshenga wa Maua

Ua la vanila hufunguka alfajiri
na ikifika saa sita limekwisha kunyauka.
Halina subira ya uchumba.
Kwa hiyo naingia shambani kabla ya uji,
mwiba wa mchungwa mkononi,
nainua kile kingozi chembamba kinachotenga dume na jike,
nabana kwa dole gumba, basi.
Ndoa imefungwa. Mahari sijui atakula nani.

Nyumbani Ithungu bado amelala, shavu juu ya daftari.
Wiki iliyopita Mwalimu Tibesigwa aliwachorea Afrika ubaoni,
akapitisha mshale wa chaki nyekundu
kutoka Lisboni, ukashuka,
ukashuka,
ukapinda kwenye ncha ya kusini,
ukapanda hadi Malindi, ukavuka kwenda Bara Hindi.
"Pilipili manga," alisema. "Mdalasini. Kungumanga.
Kwa ajili ya hivyo watu walikufa kwa kiseyeye,
fizi zinaoza, nyayo hazijagusa udongo miezi mitatu."

Binti yangu akanyosha mkono.
"Na Bundibugyo, Mwalimu, iko wapi?"
Darasa likacheka.
Mwalimu akatafuta kwa kidole, akagonga katikati ya ubao,
pale ambapo chaki haikufika.
"Hapa. Walituzunguka."

Walituzunguka. Neno hilo nimelibeba hadi shambani,
maana kumzunguka mtu si lazima umwache,
waweza kumzunguka huku unamchekea.

Sisi hatuna upwa wa kugaagaa.
Tuna mto Lamia, na ng'ambo yake Kongo,
tuna mvua inayoteremka Rwenzori bila kubisha hodi.
Meli haikuja. Rando ndilo lililokuja,
baadaye sana, kwa mikono mingi,
limeng'olewa kwenye msitu wake ng'ambo ya bahari nyingine,
na katika kulifunga na kulipakia
mabaharia wakamsahau nyuki.

Hilo hunichekesha hadi mwiba unatetemeka.
Watu waliojua kusoma nyota!
Walihesabu mapipa, wakahesabu misumari,
nyuki wake mdogo wakamwacha anavuma peke yake.
Sasa nyuki ni mimi,
mwenye miaka arobaini na mitatu na kiuno kibovu.

Jumanne usiku alifika mvumbuzi mwingine.
Alivumbua mashina kumi na sita upande wa migomba,
akavuna mabichi, miezi mitano tu tumboni,
akasahau ndala moja, ya kushoto.
Masereka hulala huko siku hizi, na panga na redio,
nami natoboa herufi zangu kwa pini kwenye kila ganda,
M.K., M.K.,
kama wale walivyosimika nguzo za mawe kila pwani waliyotia nanga
wakidhani jiwe latosha kuwa hati.
Mnunuzi wa pikipiki hasomi herufi. Anasoma mizani.
Anasema bei imeanguka huko.
Huko wapi?
Anaonyesha kwa kidevu, upande wowote.

Mtihani ulirudi Ijumaa.
Swali la nne: Mabaharia wa Ulaya walizunguka Afrika wakitafuta nini?
Ithungu ameandika, kwa mwandiko wake unaoinama kama mtu mwenye mzigo:
"Nyuki waliyemsahau."
Mwalimu amemkosesha kwa wino mwekundu.
Lakini pembeni ameweka alama ya kuuliza,
ndogo, kama mtu aliyeanza kufikiri
akaitwa ofisini.

Sikumsahihisha.
Karatasi nimeikunja mara nne, nikaitia ndani ya blanketi
pale maganda ya msimu uliopita yanapotoka jasho.
Hadi Jumapili
hata lile kosa litakuwa linanukia.